Maswali na Majibu: Biti za Ruta kwa Anayeanza Useremala Nyumbani

Nimenunua ruta yangu ya kwanza, yaani mashine ya umeme inayozungusha biti (kisu kidogo cha kuchonga mbao), ili nitengeneze rafu ya vitabu. Je, ninunue seti ya biti 30?

Hapana. Nyingi kati ya hizo hutazigusa, na fedha ile ile ingekupatia biti chache zilizo bora zaidi. Rafu ya vitabu inahitaji hasa biti mbili: ya kwanza ni iliyonyooka, itakayochimba mifuo ya kupokea ncha za rafu katika mbao za wima, ya pili ni ya kuviringisha kingo, yenye beringi nchani (kigurudumu kinachoiongoza biti ukingoni) na nusu kipenyo cha milimita 6 hivi, ambayo huondoa makali ya ukingo wa mbele. Ukipenda ya tatu, chukua ile ya kusawazisha kingo, ambayo beringi yake hufuata kigezo, yaani kipande cha mfano, na kukuwezesha kutoa vipande vinavyolingana kabisa.

Usichague biti iliyonyooka kwa kuamini unene ulioandikwa kwenye plaiwudi, kwa sababu plaiwudi inayouzwa kuwa ya milimita 18 mara nyingi huwa nyembamba kidogo, na mfuo uliochimbwa kwa biti ya milimita 18 utaiacha rafu ikicheza. Mimi hupendelea biti ya milimita 12, nikaipitisha mara mbili kwa kufuata ubao wa mwongozo uliobanwa kwa klempu, hadi mfuo ulingane na kipande chenyewe nilichokipima. Kila mpito usizidi kina cha milimita 3 hadi 6.

Nichague biti yenye shina (sehemu inayoingia kwenye ruta) la inchi 1/4 au 1/2?

Koleti ya ruta yako, yaani kishikio kinachobana shina, ndiyo inayoamua. Ikiwa inapokea yote mawili, chukua la inchi 1/2, kwani ni nene zaidi, halipindi kwa urahisi na halitetemeki sana. Ninakusihi jambo moja: usiingize shina la milimita 6 katika koleti ya inchi 1/4, ambayo ni sawa na milimita 6.35. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini koleti haitalibana sawasawa, na biti inaweza kuchomoka ikiwa katika mwendo mkali. Chomoa waya wa umeme kwanza, ingiza shina hadi mwisho, kisha lirudishe nyuma kama milimita 3 kabla ya kukaza.

Kwa nini ubao wangu unaungua na kuwa mweusi?

Ama biti imekuwa butu, ama ina utomvu uliogandamana, ama unaisukuma ruta polepole mno na kuiacha isugue mahali pamoja badala ya kukata. Chunguza pia kasi ya mzunguko. Biti yenye kipenyo kisichozidi milimita 25 kwa kawaida huweza kuzunguka mara 22,000 hadi 24,000 kwa dakika, lakini ile ya milimita 50 inapaswa kupunguzwa kasi, kwa kuwa kadiri biti inavyokuwa pana ndivyo makali yake yanavyopita kwa kasi zaidi juu ya mbao.

Niisukume ruta kuelekea upande gani?

Ukiishika kwa mikono, zunguka kingo za nje za ubao kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Ndani ya fremu, fuata mwendo wa mishale hiyo. Kwa njia hii makali ya biti hupingana na msukumo wako, nawe unabaki na udhibiti. Ukigeuza upande, biti itauparamia ubao na kuivuta ruta mikononi mwako. Anza na kingo zinazokata nyuzi za mbao, kisha umalizie na zile zinazofuata nyuzi, ili mkato wa mwisho uondoe vibanzi vilivyong'oka pembeni.

Biti za chuma cha kawaida zinafaa?

Kwa mbao laini, ndiyo. Kwa plaiwudi, nunua zenye makali ya kabaidi (nyenzo ngumu kuliko chuma), kwa sababu gundi iliyomo hukifanya chuma hicho kuwa butu upesi.