Kuchora Duaradufu Bustanini kwa Vigingi Viwili na Kamba

Katika kazi ya kupima bustani hapa Iringa, mara nyingi ninaombwa kitalu cha maua chenye umbo la duaradufu. Mafundi wengi huikadiria kwa macho, wakiunganisha vipande vya duara, na kasoro ya maungio hayo huja kuonekana wakati tofali za ukingo zinapopangwa. Ushauri wangu ni kwamba kamba isiguswe kabla ya kujua mahali pa vigingi viwili.

Kila nukta iliyo kwenye mzingo wa duaradufu ina umbali wake hadi kigingi kimoja na umbali wake hadi cha pili. Jumla ya umbali huo haibadiliki popote uendapo, nayo ni sawa na urefu wa umbo lenyewe. Tuseme kitalu kina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Nusu zake ni 5 na 3. Kipeo cha pili cha 5 ni 25, ukitoa 9 inabaki 16, ambayo kipeuo chake cha pili ni 4. Basi kila kigingi kikae mita 4 kutoka katikati, kwenye mstari wa urefu. Fundi anayenyoosha kona za msingi kwa tatu, nne na tano ataitambua mara moja pembetatu inayoundwa na katikati ya kitalu, kigingi na ncha ya upana.

Funga kamba kuzunguka vigingi vyote viwili iwe kitanzi cha mita 18, yaani mita 8 za kati ya vigingi na 10 za ile jumla, bila kuhesabu fundo, kisha uzungushe kijiti kitanzi kikiwa kimekazwa. Kwenye ncha ya urefu, kijiti kinapaswa kuwa mita 1 kutoka kigingi cha karibu na mita 9 kutoka cha mbali. Kwenye ncha ya upana, mita 5 kutoka kila kimoja. Mimi hutumia katani, kwa sababu nailoni hunyumbuka.

Kwenye viwanja vya mteremko, ambavyo huku kwetu na Mbeya ni vya kawaida, futi kamba ishikwe mlalo kwa msaada wa pimamaji: mita 10 zilizopimwa juu ya ardhi inayoshuka mita 2 ni takriban mita 9.8 tu za usawa.

Eneo ni pai mara 5 mara 3, karibu mita za mraba 47. Mzingo ndio wenye kazi, kwa kuwa hauna kanuni fupi iliyo kamili. Mimi hutumia kadirio ambalo Ramanujan, mwanahisabati wa India, alilitoa mwaka 1914, na kwa kitalu hiki linaleta mita 25.5. Agiza tofali kwa kipimo hicho, uongeze chache za kufidia zitakazovunjika njiani.