Vumbi la Rangi ya Zamani: Ushauri wa Fundi

Mimi ni fundi rangi, na bado nawasikia wenzangu wakisema kwamba rangi isiyonuka haina neno. Lakini risasi, ile metali yenye sumu (kwa Kiingereza “lead”), hainuki wala haiwashi. Ilitiwa kwenye rangi ili zikauke haraka na zidumu, na katika majengo mengi ya zamani bado ipo, chini ya matabaka mapya.

Hatari yake ni vumbi. Likishaingia mwilini, risasi huchukuliwa kama kalsiamu na kuhifadhiwa kwenye mifupa, ambako hukaa miaka na miaka. Mwanamke akipata ujauzito na mifupa yake ikaanza kutoa kalsiamu, risasi nayo hutoka, ikamfikia mtoto tumboni. Kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi: risasi anayoimeza hufyonzwa mara 4 hadi 5 kuliko kwa mtu mzima, na inagusa ubongo ambao bado unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo sikwangui rangi ya zamani ikiwa kavu, hata mwenye nyumba akinihimiza. Nalowesha ukuta, natumia msasa wa maji, natandika plastiki sakafuni, na mwisho nafuta kwa kitambaa chenye maji. Kufagia hurusha tu vumbi. Kuichoma rangi kwa moto wa gesi ni kubaya zaidi, maana risasi hugeuka mvuke. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini. Ovaroli siingii nayo nyumbani, na haichanganywi na nguo za watoto.

Wapo wanaokunywa maziwa jioni wakidhani yanasafisha. Hayasafishi. Ni kweli mtu mwenye upungufu wa kalsiamu au madini ya chuma hufyonza risasi zaidi, lakini iliyokwisha kuingia haitolewi na glasi ya maziwa. Vivyo hivyo, kuchemsha maji yenye risasi hakusaidii: maji hupungua, risasi hubaki.

Usisubiri dalili. Maumivu ya tumbo na uchovu hudhaniwa kuwa maradhi mengine. Omba kipimo cha risasi kwenye damu. Wakikutoboa kidole, nawa kwanza kwa sabuni, kwani vumbi la ngozini huharibu majibu. Yakiwa juu, yathibitishwe kwa damu ya mshipa, na watoto unaoishi nao wapimwe pia.