Fuvu la karatasi la kumkumbuka marehemu

Ndugu, umeuliza namna ya kutengeneza fuvu la karatasi la kumkumbuka marehemu bibi yako, kama wafanyavyo Wameksiko tarehe 1 na 2 Novemba, na kama huko si kumkosea heshima. Pole sana kwa msiba. Kwao si kosa hata kidogo, kwa kuwa fuvu hilo lenye maua na rangi kali huwekwa kwenye madhabahu ya nyumbani, pamoja na picha, mishumaa na chakula alichokipenda marehemu, ili kumkaribisha.

Pika gundi ya unga wa ngano na maji, iwe nzito kama uji, kisha bandika vipande vya gazeti vilivyochanwa kwa mkono juu ya puto, tabaka baada ya tabaka, ukisubiri kila moja likauke; ukiharakisha, karatasi huota ukungu kwa ndani. Taya na mashavu yajenge kwa karatasi iliyolowekwa na kufinyangwa. Macho yazungushie petali za rangi ya machungwa, mithili ya cempasúchil, ua ambalo harufu yake huaminika kuwaongoza marehemu njiani. Jina la bibi liandike kwenye paji la uso, kama ifanywavyo kwenye mafuvu ya sukari.