Flamingo wa Nakuru wameenda wapi?

SWALI: Mhariri sasa, mimi ni mama wa hapa Nakuru, zamani ukipanda Baboon Cliff unaona ziwa lote ni pinki, siku hizi ni maji tu, hadi geti la mbuga la zamani lilimezwa. Wazee wanasema flamingo watarudi. Kwani maji mengi si ni baraka kwa ndege?

JIBU: Kwa flamingo hapana, mama. Ile aina inayoitwa flamingo mdogo inakula spirulina, vile vimwani vya kijani, na hivyo vinataka maji ya magadi makali, sasa mvua ikizidi na mito kama Njoro ikimwaga maji matamu ziwani, magadi yanapungua, chakula kinaisha, ndege anafunga virago. Picha za setilaiti zilionyesha kati ya 2009 na 2022 ziwa letu limetanuka karibu mara mbili, chakula nacho kikapungua kama nusu. Misitu ya Mau kukatwa pia haisaidii, maji yanateremka tu na udongo (hiyo ni stori ya siku ingine).

Wengi wamehamia Ziwa Bogoria lakini hata huko maji yamepanda. Mimi kinachonitisha zaidi ni Ziwa Natron kule Tanzania, maana karibu wote wa Afrika Mashariki huzaliwa hapo, pakifurika vibaya hakuna vifaranga.

Watarudi? Maji yakishuka wengine watakuja, ila wataalamu wanatarajia mvua zaidi huku kwetu, so siwezi kukuahidi kitu. Watoto wakitaka kuwaona wapeleke Bogoria.