Oili ya difu kwa pikapu ya mzigo: 80W-90, 85W-140 au ileile ya gia boksi?

Mkuu, swali lako nimelisoma vizuri. Una Hilux Vigo ya mtumba, gia za mkono, 4WD, unabeba korosho kutoka Tandahimba kushuka Mtwara. Difu ya nyuma imeanza kuunguruma kidogo ukigusa spidi 60. Muuza duka anakupa 85W-140 kwa sababu "huku kwetu joto kali", na fundi wako anataka akuwekee oili ileile anayojazia gia boksi ili mmalize kazi kwa dumu moja. Waliokujibu juu wamekutajia majina ya kampuni tu. Mimi nina miaka na pikapu za mzigo huku kusini, Mtwara, Newala, Masasi hadi Nachingwea, na oili ya difu nabadili mwenyewe uani kwangu. Kampuni ni jambo la mwisho kabisa. Kwanza soma namba na herufi zilizoandikwa kwenye dumu.

Jibu fupi: weka SAE 90 au 80W-90 (namba za uzito wa oili) yenye maandishi ya API GL-5 (daraja la oili ya gia). Vigo nyingi kitabu chake kinasema hivyo hivyo: GL-5, SAE 90 kwa nchi ambazo baridi haishuki chini ya nyuzi 18 hasi. Kama kitabu cha gari lako kipo, hata kama ni cha lugha usiyoijua, tafuta ukurasa wa vilainishi. Namba zinasomeka kwa lugha yoyote.

Sasa kwa nini GL-5 na si kingine. Ndani ya difu pinioni (gia ndogo inayoendesha) haikai katikati ya krauni (gia kubwa inayoendeshwa nayo), imekaa chini kidogo ya katikati. Mpangilio huo unaipa difu nguvu na ukimya, lakini meno yanapokutana hayabingiriki tu, yanateleza moja juu ya jingine huku yamebanwa na uzito wa mzigo wote. Mtelezo huo unaifagia oili ya kawaida na kuacha chuma kwa chuma. GL-5 imewekwa dawa za salfa na fosforasi kwa wingi, na chuma kikipata joto la msuguano dawa hizo zinajenga utando mwembamba juu ya jino. Unaolika ni ule utando, jino linabaki. GL-4 nayo ina dawa hizo, ila ni kidogo zaidi, na kwa difu ya aina hii haitoshi. Ile harufu kali inayokukaa mikononi siku mbili hata ukioga na sabuni ya mche ni ya salfa.

Hapo ndipo wazo la fundi wako linapokwama. Kwenye gia boksi kuna pete za shaba zinazolainisha gia kuingia, na baadhi ya dawa za GL-5 zikipata moto zinaweza kuila shaba taratibu. Zaidi ya hapo, pete hizo zinahitaji msuguano kidogo ili zishike, na oili inayoteleza kupita kiasi inafanya gia zianze kugoma. Baadhi ya vitabu vya Toyota vinaruhusu GL-4 au GL-5 kwenye gia boksi, kwa hiyo huenda gari lako halitadhurika upande huo. Kwenye difu hakuna ruhusa ya namna hiyo. Kama dumu lake moja ni GL-4, mwambie asante, abaki nalo kwa ajili ya gia boksi. Na kama amelipima kwenye pipa lisilo na lebo, usikubali hata tone, maana hakuna anayejua mle ndani mna nini.

Nije kwenye joto, maana hoja ya muuza duka inawashika wengi. Namba ya mbele yenye W inahusu baridi peke yake. 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 hasi, 80W kwenye 26 hasi, 85W kwenye 12 hasi. Huku kwetu hata Newala usiku wa Julai, watu wanapovaa makoti, hatufiki hata karibu na sifuri. Kwa hiyo kati ya 75W, 80W na 85W usipoteze usingizi. Inayotuhusu ni namba ya nyuma, inayoonyesha uzito wa oili ikiwa ya moto. Na wala usione 90 ukadhani ni nzito mara mbili ya 40 ya injini. Vipimo ni viwili tofauti. Oili ya difu ya 90 ikiwa moto inakaribiana na 40 au 50 ya injini.

140 ni nzito kweli, karibu mara mbili ya 90 kwenye nyuzi 100. Wenye malori wanaitumia pale watengenezaji walipoiruhusu, na wana sababu. Gari linalotambaa kwenye mchanga na mzigo mkubwa kutwa nzima halitakufa kwa 140. Lakini wewe ukitoka Tandahimba unaingia lami na unakimbia. Oili nzito kwenye mwendo wa kasi inasumbuka kuzunguka, inazalisha joto lake yenyewe, inakula mafuta, na asubuhi inachelewa kufika kwenye beringi za pinioni. Joto la Mtwara la nyuzi 30 na kitu si hoja hapa, kwa sababu 90 imetengenezwa ifanye kazi difu ikiwa imechemka kuliko hapo mara nyingi. Kinachoichosha oili ya difu huku kwetu ni uzito tunaopakia. Gunia la korosho ni kilo 80. Magunia 12 tayari ni kilo 960, na pikapu yako imetengenezwa kubeba karibu tani moja ukiwemo wewe na utingo. Watu wanapanda magunia 20 na zaidi. Kama ndiyo kazi yako, kubadili 90 mapema kunasaidia kuliko kuweka 140 na kuisahau.

Na kuna jambo linanikera: 140 kuwekwa ili kuzima mlio. Mlio utapungua kweli, wiki mbili tatu, huku beringi ikiendelea kuliwa. Gari za mtumba huuzwa hivyo. Kabla hujaweka oili yoyote, angalia iliyomo sasa, huenda mwenye gari wa kwanza alishaifanya kazi hiyo.

Mwenye Hilux Revo, ile iliyofuata Vigo, anayesoma hapa: gari lako si la SAE 90. Toyota inaelekeza 75W-85 ya GL-5 kwenye difu, nyepesi kidogo. Fuata hiyo.

Jingine la kuangalia kabla ya kununua ni kama difu yako ina LSD, yaani difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake. Tia vigingi magurudumu ya mbele, nyanyua ya nyuma yote mawili uyaweke juu ya stendi, gia iwe huru, hendibreki chini. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Jingine likienda upande wa kinyume, difu ni ya kawaida. Yakizunguka upande mmoja kwa ukaidi, kuna LSD, na utahitaji oili iliyoandikwa kuwa inafaa kwa LSD, la sivyo gari litakuwa linagugumia na kutetemeka ukikata kona kali.

Sasa maji. Kwa huku kwetu nayaogopa kuliko kosa la namba. Msimu wa korosho unaanza kama Oktoba, mvua zinaingia kati ya Novemba na Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo mizigo ya mwisho inakutana na madimbwi na vijito vilivyojaa. Difu inakuja imechemka, unaitumbukiza kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na inavuta. Juu ya eksel kuna kofia ndogo, kipumulio, ambayo inatakiwa iruhusu hewa kuingia. Ikiwa imezibwa na tope la mwaka jana, difu itavuta kupitia kwenye sili (mipira inayozuia oili isivuje), na itavuta maji. Kipumulio kikiwa kizima lakini kimezama, matokeo ni yaleyale. Ninachokifanya ni kutoa kofia hiyo, kuweka kichwa cha kushika mpira, na kuupandisha mpira hadi juu usawa wa bodi. Kazi ya nusu saa.

Jirani yangu mmoja hununua samaki Msimbati, alikuwa akirudisha pikapu nyuma mpaka mawimbi yanagusa eksel ili kupakia kutoka kwenye mashua. Tulipofungua difu yake ilitoka oili ya rangi ya chai ya maziwa, yenye povu. Maji ya chumvi yakilala mle hata siku chache, beringi zinaanza kutoboka vitobo vya kutu na hazirudi tena. Ukikuta rangi hiyo, usibadili mara moja ukaridhika. Mwaga, jaza GL-5 ya bei nafuu, tembea kilomita chache ipate moto, mwaga tena, ndipo ujaze ya kukaa. Wanaosafishia kwa dizeli au mafuta ya taa siwaungi mkono: yanajificha kwenye mirija ya eksel na yanakuja kuipunguzia oili mpya nguvu.

Kubadili kwenyewe ni rahisi. Endesha dakika kumi oili ipate joto, simamisha gari mahali tambarare. Fungua nati ya kujazia KWANZA, kabla ya kugusa ile ya chini. Nimeona mtu amemwaga oili yote halafu nati ya juu imegoma kwa kutu, gari likalala hapo na mzigo juu. Nati za difu ya nyuma kwa kawaida ni namba 24, tumia soketi, usitumie spana ya kurekebisha. Mbele baadhi zinataka aleni ya 10.

Nati ya chini ikitoka, usiifute upesi. Ina sumaku kwenye ncha, na hapo difu inakueleza hali yake. Paka kilichoshikwa kwenye kitambaa cheupe ukisugue kwa kidole juani. Ukiona ujiuji wa kijivu, laini, usiokwaruza, hiyo ni kawaida. Ukihisi chenga ngumu, geuza kitambaa kwenye mwanga: vipande bapa vinavyometa mara nyingi vinatoka kwenye beringi, na kipande chenye pembe unachoweza kukishika kwa kucha kimetoka kwenye jino. Ukikuta hicho cha mwisho, hakuna oili itakayokusaidia, difu inafunguliwa.

Weka washa (pete ya nati) mpya, funga chini, jaza kwa pampu ya mkono au mpira na faneli hadi oili ianze kuchungulia kwenye tundu la kujazia. Hapo ndipo kipimo. Nyuma inachukua karibu lita 3, mbele kama moja na nusu, lakini tundu ndilo lenye neno la mwisho. Usiinamishe gari ili iingie zaidi. Ikizidi itafoka kwenye kipumulio au itatokea kwenye sili za pembeni na kulowesha breki. Ikipungua, inayoteseka kwanza ni beringi ya mbele ya pinioni, hasa ukiwa unapanda mlima wa Newala kutokea Masasi: pua ya difu inainuka, oili inakimbilia nyuma, na beringi ile inabaki kavu huku ikibeba mzigo wote. Kwa hiyo angalia pale propela, shafti ndefu inayotoka mbele, inapoingia kwenye difu. Kukiwa na vumbi lililoganda na mafuta, sili imechoka, na pengine mlio wako umeanzia hapo.

Kwa gari la mzigo nabadili kila kilomita 20,000, na mvua zikiisha nafungua kutazama hata kama kilomita hazijafika. Nunua dumu lenye sili mdomoni na maandishi ya GL-5 yaliyochapwa kwenye lebo yenyewe, siyo stika iliyobandikwa juu. Oili chafu ikinge kwenye dumu, usiimwage uani wala mtaroni.

Kuhusu mlio wako, nisaidie mambo matatu. Ukiwa kwenye 60 ukaachia mafuta, unabadilika au uko palepale? Ukibadilika, shaka langu ni pinioni au beringi zake. Ukiyumba kushoto na kulia barabara ikiwa tupu, unaongezeka upande mmoja? Hiyo ni beringi ya gurudumu, difu haihusiki. Na ukitoka lami kuingia vumbi unapotea? Basi ni matairi. Fungua difu kesho asubuhi, weka picha ya ile nati kabla hujaifuta na ya oili iliyotoka, utuambie pia imetoka lita ngapi. Kama imetoka lita mbili, usibebe mzigo mpaka sili ya pinioni ibadilishwe.