Kupima glutathayoni kwa wagonjwa wa selimundu: shughulikia damu kwanza, mashine baadaye

Mkuu umeuliza kama spektrofotomita ya kawaida, sentrifuji na friza ya -20 vinatosha kupima antioksidanti na thayoli (molekuli zenye kundi la salfa, -SH) kwenye damu ya wagonjwa wa selimundu kwa ajili ya masters, na ununue riejenti gani. Vipimo hivi nimevifanya benchi miaka kadhaa. Inawezekana kabisa, ila kabla ya riejenti fikiria dakika chache za kwanza damu ikitoka mshipani, majibu yanaharibikia hapo.

Glutathayoni, thayoli ambayo ndiyo antioksidanti kubwa ya seli, karibu yote iko ndani ya seli nyekundu, mle ni kama mikromoli 2000 kwa lita, wakati kwenye plazma ni 2 hadi 4 tu. Seli moja tu kwenye kila elfu ikipasuka tayari umeongeza mikromoli 1 au 2 kwenye plazma, na hawa wagonjwa seli zao zinapasuka zikiwa bado mwilini. Kwa hiyo glutathayoni ya plazma achana nayo, pima damu nzima.

Sasa ile iliyooksidika, yaani GSSG, ndiyo inayosumbua watu. Kiukweli kwenye damu nzima ni mikromoli chache tu. Ukimwaga asidi kushusha protini, sehemu ndogo ya glutathayoni nzima inaoksidika hapo hapo, na hata ikiwa asilimia 2 ya ile mikromoli kama 1000 iliyomo kwenye lita ya damu nzima unapata GSSG 10 za uongo (glutathayoni mbili zinaungana kuwa GSSG moja), zaidi ya zile za kweli. Dawa yake ni NEM (N-ethylmaleimide), inaingia kwenye seli haraka na kuzifunga thayoli kabla ya asidi. Igawe damu mara mbili: fungu moja moja kwa moja kwenye asidi kwa ajili ya glutathayoni, jingine kwenye NEM kwa ajili ya GSSG, maana iliyokwisha kufungwa na NEM haisomeki tena kwa DTNB, riejenti ya rangi ya kupimia thayoli. NEM ni sumu, usiitangulize kwenye tyubu ya kuvutia damu, toa kwa tyubu ya EDTA (inazuia damu kuganda) kisha hamishia pale pale kitandani kwa mgonjwa. Na inayobaki lazima uiondoe, la sivyo inaua enzaimu ya kipimo cha Tietze cha 1969, ndicho cha kupimia glutathayoni na GSSG. Kama huna namna ya kufanya yote haya, GSSG iache kabisa, ni bora kuliko kuandika namba za uongo kwenye thesisi.

DTNB, ile ya Ellman ya 1959, inatoa rangi ya njano unayoisoma nanomita 412, na himoglobini nayo inanyonya mwanga karibu hapo hapo, ndiyo maana protini lazima zishuke kwanza na maji ya juu yawe meupe kabisa, ukiona hata upinki kidogo rudia. Halafu asidi uliyotumia inashusha pH, weka bafa ya fosfeti ya kutosha ifike karibu 8, rangi ikigoma kutokea angalia hapo kabla ya kulaumu riejenti.

Thayoli za plazma nyingi ni za albumini, hizo unapima kwa DTNB moja kwa moja bila asidi, lakini kila sampuli iwe na blanki yake isiyo na DTNB. Wagonjwa wa selimundu bilirubini yao iko juu, plazma inakuja njano tayari!! Ikiwa nyekundu kwa hemolisisi itupe, himoglobini ina thayoli zake pia na blanki haiwezi kuzitoa.

FRAP, kipimo cha antioksidanti kwa jumla, ni rahisi na bei nafuu ndiyo maana kila mtu anaikimbilia, ila inafanyika pH 3.6 ambapo thayoli hazionekani sana, na kwenye plazma zaidi ya nusu ya jibu ni asidi ya yuriki. Figo zikianza kuchoka yuriki inapanda, unaweza kuta mgonjwa aliye hoi ndiye mwenye "antioksidanti nyingi". Ukiipima, pima na yuriki.

Majibu ya glutathayoni andika kwa kila gramu ya himoglobini, hawa wana upungufu wa damu na ukiandika kwa lita watatofautiana na kundi la wazima kwa sababu ya anemia tu. Friza ya -20 kwa siku chache sawa, kwa miezi hapana, omba nafasi kwenye -80 ya mtu mapema kabla hujapeleka protokali kamati ya maadili, na damu nzima usiigandishe bila kuichakata kwanza.