Ubovu wa barabara hulipwa sokoni

Swali: Je, nchi yenye kilomita nyingi za lami ndiyo hushinda kibiashara?

Hapana. Mwenye mzigo hahesabu kilomita, huhesabu siku, tena siku anazoweza kuzitegemea. Safari ya siku tano kila mara ni bora kuliko ya siku mbili leo na tisa kesho, maana asiye na uhakika hulazimika kujaza ghala, na mali iliyolala ghalani ni mtaji uliolala. Gharama hiyo huingia kwenye bei, naye mnunuzi huenda kwa mwingine. Singapore, iliyoongoza mwaka 2023 katika kipimo cha Benki ya Dunia cha ufanisi wa usafirishaji, ni kisiwa kidogo. Haikuongoza kwa urefu wa barabara.

Swali: Umeme ukikatika, viwanda si vina jenereta?

Jenereta ni kodi ambayo mshindani wako mwenye umeme wa uhakika halipi.

Swali: Tukijenga bandari kubwa, meli si zitakuja?

Hambantota, Sri Lanka, ilifunguliwa mwaka 2010. Meli zikawa chache, deni likabaki, na mwaka 2017 ikakodishwa kwa kampuni ya China kwa miaka 99. Meli hufuata mzigo. Anayekuonyesha michoro ya kupendeza bila hesabu ya shehena, mwogope.

Swali: Lori likizidisha tani chache, barabara itaumia nini?

Swali hili hurudi kila mara, na wanaouliza ndio haohao wanaolalamikia mashimo. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Uzito ukiwa maradufu, uharibifu ni mara 16. Hata ziada ya asilimia 20 tu huufanya uharibifu uwe mara mbili. Malori yote yakifanya hivyo, barabara iliyosanifiwa kudumu miaka 20 huisha kwa 10, na kila msafirishaji hulipa kwa springi na matairi. Rushwa ya mizani ni wizi wa barabara.

Swali: Tujenge mpya au tukarabati za zamani?

Tunzeni kwanza. Daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lilifunguliwa 1967. Tarehe 14 Agosti 2018 lilianguka, likaua watu 43 na kukata njia muhimu ya malori ya bandari. Bajeti inapobana, fungu la matengenezo ndilo hukatwa kwanza, kwa sababu hakuna anayealikwa kukata utepe wa mtaro uliozibuliwa. Dai kuliona fungu hilo, kwa tarakimu, kabla ya kushangilia mradi mwingine.